Mikanda ya begi na mwendo wa mwanao
Mzazi, kesho asubuhi simama mlangoni umtazame mwanao akienda shule. Begi likining'inia chini ya kiuno, atainama mbele na kutanguliza kichwa ili asivutwe nyuma. Akilitundika bega moja, mwili utaegemea upande wa pili na hatua zake hazitalingana.

Wazazi wengi huniuliza kama begi hupindisha uti wa mgongo moja kwa moja. Hakuna ushahidi wa kutosha wa hilo. Linaweza kuleta maumivu ya mgongo, shingo na mabega, na kwa mtoto hayo si madogo. Mimi naiogopa zaidi mikanda myembamba kama kamba: inaweza kukandamiza mishipa ya fahamu begani, mkono ukafa ganzi au kukosa nguvu. Hapo mlete hospitali, usiishie kumchua.

Chagua mikanda mipana yenye sponji, uikaze mpaka begi likae mgongoni, juu ya kiuno. Uzito uwe karibu asilimia 10 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 25, kilo 2.5. Daftari lisilo la siku hiyo libaki nyumbani. Chupa ya maji ya lita moja tu imeshakula kilo nzima.