Dola ya Baba Mtakatifu na Sheria Zake

Jina la Vatikano twalisikia mara nyingi, wala wengi wetu hatufikiri kwamba ni dola kamili, yenye mipaka, askari, mahakama na sheria zilizoandikwa. Basi yafaa tuulize: nchi ambayo mfalme wake ni Baba Mtakatifu yatawaliwa kwa sheria gani, nazo zamfunga nani?

Zamani Mapapa walitawala nchi kubwa katikati ya Italia. Tarehe 20 Septemba 1870 majeshi ya mfalme wa Italia yaliingia Roma, na utawala ule ukakoma. Mwaka wa pili yake bunge la Italia lilitunga sheria ya kumlindia Papa heshima na uhuru wake. Papa Pio IX aliikataa, na twadhani alikuwa na haki, maana lililotolewa na bunge, bunge laweza kuliondoa. Ugomvi huo ulikaa hata tarehe 11 Februari 1929, Kardinali Pietro Gasparri na Benito Mussolini walipotia sahihi mapatano katika jumba la Laterano. Ndipo ilipozaliwa dola ya hektari 44 tu, ambayo ni chini ya nusu ya kilometa moja ya mraba, ili Kiti Kitakatifu kiwe na uhuru unaoonekana mbele ya mataifa.

Mapatano yalipothibitishwa tarehe 7 Juni 1929, siku ile ile Papa Pio XI alitoa sheria sita, na ya kwanza ni Sheria ya Msingi. Papa Yohane Paulo II aliiandika upya mwaka 2000, na Papa Fransisko mwaka 2023. Lakini shina lake halikubadilika: uwezo wa kutunga sheria, wa kutawala na wa kuhukumu, wote ni wa Papa. Kazi ya kutunga sheria ameikabidhi Tume ya Kipapa, ambayo wajumbe wake huwateua kwa miaka mitano. Naye aweza kuishika mwenyewe apendapo. Papa akifa, uwezo huo huwa wa Makardinali wote pamoja. Walakini waweza kutunga sheria kwa jambo la haraka tu, na sheria hiyo hufa achaguliwapo Papa mpya, asipoithibitisha.

Uraia nao ni wa ajabu. Hauji kwa kuzaliwa mahali pale. Hutokana na kazi, na kazi ikiisha, uraia huondoka.

Mtu aweza kusema, mfalme wa namna hii ana haja gani ya sheria? Tazama mambo ya mwaka 2025. Tarehe 1 Machi mtawa, Sista Raffaella Petrini, alishika urais wa serikali ya Vatikano, mwanamke wa kwanza. Lakini Sheria ya Msingi ilimhesabu rais wa Tume miongoni mwa Makardinali! Basi mwezi wa Novemba Papa Leo XIV aliyabadili maneno ya sheria ili yapatane na jambo lililokwisha kufanyika.

Jambo zito zaidi ni la mahakama. Sheria ya mwaka 2020 yasema kwamba mahakimu wako chini ya Papa, lakini katika kuhukumu wako chini ya sheria peke yake. Maneno hayo yalijaribiwa katika kesi ya fedha ya Kardinali Angelo Becciu, aliyehukumiwa Desemba 2023 kifungo cha miaka mitano na nusu, naye akakana makosa na kukata rufani. Wakati wa upelelezi Papa Fransisko alikuwa ametoa amri nne, zisizotangazwa, zilizowaruhusu wapelelezi kuacha baadhi ya taratibu za kawaida. Mawakili walilalamika kwamba washtakiwa hawakupata kuzijua mapema. Mahakama ilikataa hoja hiyo, maana mtoa amri ndiye mtunga sheria. Sisi twaona kwamba jibu hilo lapatana na Sheria ya Msingi, wala halimalizi swali la mawakili. Rufani ilianza kusikilizwa Septemba 2025, na amri zile nne zilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyaleta tena mbele ya mahakimu.