Je, Wajua? Kasa na Wavuvi wa Pwani

Je, wajua kwamba miaka elfu mbili iliyopita watu wa pwani yetu walimtega kasa mithili ya samaki wa dema? Mfanyabiashara wa Kigiriki aliyeandika kitabu cha Periplus katika karne ya kwanza anasema wenyeji wa kisiwa cha Menuthias waliweka vikapu kwenye midomo ya mikondo, badala ya nyavu. Kisiwa hicho hudhaniwa kuwa Unguja, Pemba au Mafia. Magamba ya kasa yaliuzwa ng'ambo pamoja na pembe za ndovu.

Je, wajua kwamba samaki aliwahi kutumiwa kumvua kasa? Chazo ana kisahani kichwani anachojibandikia kwa viumbe wakubwa. Wavuvi walimfunga kamba mkiani na kumtupa majini wakimwona kasa. Akishabandika, kadiri kamba inavyovutwa nyuma ndivyo anavyozidi kushika.

Je, wajua kwamba nyama ya kasa inaweza kuua hata ikipikwa vizuri? Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kuila, na wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021, watu 7 walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Moto hauimalizi sumu yake, na mama aliyeila anaweza kumpitishia mtoto katika maziwa. Baadhi ya wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, walimhesabu kasa miongoni mwa wasioliwa. Hata hivyo, kuna wanaoendelea kumla.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Maziwe, mkabala na Pangani, kilikuwa mazalio makubwa ya kasa? Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu linalofunikwa na maji kujaa. Kasa bado hutaga pale. Mayai yasipohamishwa hadi ufuo wa Ushongo, huzama.

Je, wajua kwamba mhifadhi mara nyingi ni mvuvi mwenyewe? Mafia, anayegundua nyayo za kasa mchangani na kutoa taarifa ya kiota hulipwa, kisha huongezewa kulingana na watoto wanaoanguliwa. Watamu, Kenya, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 mvuvi aliyenasa kasa hupiga simu. Kasa hupimwa, hutiwa alama na kurudishwa baharini, au hutibiwa akiwa na jeraha. Mvuvi hupewa fidia ndogo ya muda wake na wavu uliochanika. Hakuna ofisi inayoweza kukesha katika kila ufuo, lakini mvuvi anajua kasa hupanda wapi na maji ya saa ngapi. Ujuzi ule ule uliomvua ndio sasa unaomlinda, mradi mwenye ujuzi asirudi nyumbani mikono mitupu.