Tabia ya Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu Shuleni: Tusikilize Kabla ya Kuadhibu

Jumatatu moja, baada ya Misa ya asubuhi, mama mmoja alinisubiri nje ya ofisi ya parokia akiwa na barua mkononi. Barua ilitoka shuleni kwa mwanawe, mvulana wa darasa la pili mwenye usonji. Ilieleza kwa sentensi mbili tu kwamba mtoto huyo anawauma wenzake, anapiga kelele bila sababu na kutoka darasani bila ruhusa. Kwa hiyo mzazi amchukue akae naye nyumbani mpaka atakapotulia. Mama huyo hakuja kulalamika juu ya barua. Alikuja kuniuliza jambo moja: "Baba, mwanangu ana pepo?"

Naandika makala haya kwa sababu swali hilo si la mama huyo peke yake. Nimelisikia katika Jumuiya Ndogo Ndogo, nimelisikia kwa walimu, na kwa aibu nakiri kwamba nimelisikia hata kutoka kwa makatekista. Ni ndugu wa swali ambalo mitume walimwuliza Bwana katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu na kutaka kujua nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1673, nayo iko wazi: ugonjwa, hasa ule wa akili, ni jambo tofauti kabisa na nguvu za Yule Mwovu, na unahusu elimu ya tiba, Kanisa lataka hilo lihakikishwe kwanza kabla ya kufikiria ibada ya kupunga pepo. Usonji ni namna ambavyo ubongo wa mtoto umekua. Unagusa mawasiliano yake, mahusiano yake na watu, na jinsi anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Tutamwombea mtoto huyo kama tunavyowaombea watoto wote. Lakini tukimzungusha kutoka mkesha mmoja hadi mwingine ili atolewe kile asichokuwa nacho, tunamwongezea hofu, na tunamwongezea mama yake hatia.

Turudi kwenye barua. Neno lililonisumbua humo ni "bila sababu". Katika parokia yetu yupo mwalimu aliyesomea elimu maalumu, mtu mnyamavu asiyependa kusifiwa, nami sitamtaja. Kwa ridhaa ya shule aliomba apewe siku tano tu. Alimkabidhi mwalimu wa darasa daftari lenye safu tatu: nini kilitokea kabla, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Kila tukio liandikwe na saa yake.

Ijumaa daftari lilisema jambo ambalo hakuna aliyeliona kwa macho. Karibu kila tukio la kuuma lilitokea dakika chache kabla au baada ya mapumziko ya asubuhi. Dirisha la darasa lile limepakana na mwembe uliotundikwa ringi ya gari inayogongwa kama kengele. Ringi ikilia, watoto zaidi ya themanini hukimbilia mlango mmoja. Kwa mtoto ambaye masikio yake hupokea mlio huo kama maumivu, na ambaye hana maneno ya kusema "naumia, nipisheni", meno ndiyo maneno yaliyobaki. Na kilichofuata kila alipouma? Alitolewa nje, mbali na kelele. Bila kukusudia, shule ilikuwa ikimfundisha kila siku kwamba kuuma ndiyo njia ya kupata utulivu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Tabia ya mtoto mwenye mahitaji maalumu mara nyingi ni lugha. Yuko anayepiga kelele ili aangaliwe, kwa kuwa akikaa kimya hakuna anayemkumbuka. Yuko anayerarua daftari kwa sababu kazi aliyopewa imemzidi, na afadhali aitwe mtundu kuliko kuitwa mjinga mbele ya wenzake. Mwingine hujitikisa au kurusha mikono kwa sababu mwendo huo humtuliza. Tabia moja yaweza kuwa na sababu tofauti kwa watoto wawili, na ndiyo maana adhabu ileile kwa wote haifiki popote.

Kabla ya yote, mwili wake uchunguzwe. Nasema hivi nikiwa na deni. Nilipokuwa frateri katika mwaka wa kichungaji, nilifundisha katika shule ambamo msichana mmoja wa dawati la nyuma hakuwahi kuniitikia nilipomwita jina. Nilimwona mwenye kiburi. Nilimpigisha magoti mbele ya darasa, si mara moja. Baadaye muuguzi aliyekuja kupima watoto aligundua kwamba masikio yake yote mawili yalikuwa yakitoa usaha kwa muda mrefu, na usikivu wake ulikuwa umepungua sana. Hakuwa akinidharau, hakuwa akinisikia. Tangu hapo, mwalimu akiniambia kwamba mtoto ni mkaidi, namuuliza kama amepimwa masikio na macho. Mtoto anayekodoa macho na "kupotea" kwa sekunde chache katikati ya somo anaweza kuwa na aina ya kifafa isiyoangusha. Aliyenusurika malaria kali ya ubongo anaweza kubaki na ugumu wa kujifunza na kujizuia. Wapo pia wanaosumbuliwa na jino, au na njaa tu.

Na lipo jambo zito zaidi ambalo sipendi kulipita. Mtoto mwenye ulemavu aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, akaanza kuogopa mtu fulani, kukojoa kitandani, kujiumiza au kukataa kuvuliwa nguo, asichukuliwe kuwa ameota utundu. Watu waovu huwalenga watoto wasioweza kusimulia. Mlezi, mwalimu au katekista anayeona dalili hizo asizimalize kifamilia wala asinyamaze kwa kulinda jina la shule au la parokia. Apeleke taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au apige simu namba 116.

Sasa, fimbo. Najua wasomaji wengi wa makala haya wamelelewa kwa fimbo, nami ni mmojawapo. Kanuni za elimu nchini mwetu za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko shuleni, lakini visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kila mzazi anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na yanayotendeka. Lakini hata tukiacha sheria kando, tuulize maadili yetu wenyewe yanasemaje. Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha tendo la kibinadamu, litokalo katika akili na utashi, na tendo ambalo linatokea tu ndani ya mtu pasipo kuamuliwa naye. Katekisimu, namba 1735, inafundisha kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, hata kuondoka kabisa, kwa sababu ya ujinga, kutozingatia, shurutisho, woga, mazoea na sababu nyingine za kisaikolojia au za kijamii. Tunalitumia fundisho hili kila siku katika kiti cha maungamo tunapowasikiliza watu wazima wenye akili timamu. Ni haki gani basi inayotufanya tumnyime mtoto wa miaka minane mwenye usonji kile tunachompa mfanyabiashara wa miaka hamsini?

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mtoto mwenye ulemavu aachwe afanye atakalo. Huruma ya namna hiyo nayo ni dharau, kwa maana inamwona kama asiyeweza kukua. Nimeona nyumba ambamo mtoto mwenye ulemavu wa akili ameachiwa apige, anyang'anye na atukane, na kila mtu anasema "mwacheni, si unajua alivyo". Mtoto huyo atakuwa kijana wa miaka ishirini, mwenye nguvu, na jirani hawatasema tena mwacheni. Anastahili kufundishwa. Tofauti ni kwamba anafundishwa hatua kwa hatua, kama tunavyomfundisha mtoto kutembea; hakuna anayemchapa mtoto kwa sababu ameanguka.

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyeishi Torino, Italia, na watoto ambao jamii ilikwisha kuwakatia tamaa, aliandika mwaka 1877 juu ya mfumo wake wa malezi aliouita wa kuzuia, akiuweka kinyume na ule wa kukandamiza. Nguzo zake ni akili, dini na upendo. Hakuandika juu ya usonji. Lakini alielewa kwamba mlezi anapaswa kuwa pamoja na watoto uwanjani kabla kosa halijatendeka, badala ya kusubiri ofisini likisha kutendeka. Kwa kijana wetu, "kuzuia" kulimaanisha mambo madogo sana. Alihamishiwa dawati la upande wa mbali na ringi. Dakika tano kabla ya mapumziko alitumwa na mwenzake kupeleka daftari la mahudhurio ofisini, hivyo mlio ulimkuta akiwa mahali pengine. Ratiba ya siku ilichorwa kwa picha kwenye kipande cha boksi: kusoma, kuhesabu, uji, kucheza, nyumbani. Akamaliza moja, anaigeuza picha yake. Watoto wa namna hii huogopa sana mabadiliko wasiyoyatarajia, na boksi lile halikugharimu chochote.

La muhimu zaidi, alifundishwa neno mbadala. Alipewa kadi nyekundu, na kwa siku nyingi mwalimu aliushika mkono wake na kumwonyesha: ukizidiwa, inyanyue, nami nitakutoa nje kidogo. Mara za kwanza alipoinyanyua alitolewa papo hapo, hata kama hapakuwa na haja kubwa, ili ajue kwamba kadi inasikilizwa kuliko meno. Na alisifiwa, kwa kutajiwa alichofanya: "Umenyanyua kadi, vizuri sana," na kwa wakati uleule. Sifa ya jumla inayokuja jioni, "leo alikuwa mzuri", haimfundishi lolote. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika sura ya saba ya Wosia wake *Amoris Laetitia* wa mwaka 2016, alikumbusha kwamba kurekebisha mtoto kunakuwa kichocheo pale jitihada zake zinapoonwa na kuthaminiwa.

Nyumbani nako palihitaji kazi. Bibi yake alikuwa na desturi ya kumpa biskuti kila alipopiga kelele, ili anyamaze. Bibi alipokubali kwa shingo upande kuacha, na kumpa biskuti anapoomba kwa ishara, kelele ziliongezeka kwa siku kadhaa kabla ya kupungua. Hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa na kusema njia hii haifai. Mtoto anagonga kwa nguvu zaidi mlango aliouzoea. Akiona haufunguki, na mwingine uko wazi, atahama.

Najua mwalimu anayesoma haya atauliza: nina watoto themanini, nitashika saa ngapi daftari la safu tatu? Swali ni la haki, na sina jibu jepesi. Walimu wa elimu maalumu hawatoshi, ingawa tunavyo vyuo kama Patandi kule Arusha vinavyowaandaa. Wazazi wa watoto walioumwa nao wana haki ya kutaka watoto wao wawe salama. Ninachokipinga ni barua ya "akae nyumbani mpaka atulie", kwa kuwa mtoto hajifunzi kuishi na watu kwa kuondolewa kati ya watu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kusoma. Kanisa hapa nchini halikuanza jana: shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Hatuwezi kujivunia hilo huku shule zetu wenyewe zikitafuta njia ya kumwondoa mtoto mmoja.

Wala tusiishie kwa walimu. Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba watu wenye ulemavu wasinyimwe Sakramenti. Hata hivyo bado wapo watoto tunaowaacha nje ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa sababu "hawatulii". Katika Injili ya Marko, sura ya saba, Yesu aliletewa kiziwi mwenye utasi. Alimtoa kwanza katika umati, wakawa peke yao. Kisha akaweka vidole masikioni mwake na kumgusa ulimi. Alimpunguzia kelele, akasema naye kwa ishara ambazo kiziwi angeweza kuzielewa. Neno la uponyaji lilikuja baada ya hayo.

Mvulana wetu sasa yuko darasa la tatu. Ameuma mara mbili mwaka huu, na mara zote mbili daftari limeonyesha kwa nini. Jumapili alikuwa akilia katika Misa, na baadhi ya waamini walimgeukia mama yake kwa macho makali, mpaka fundi wa vyombo alipotuonyesha kwamba benchi lao lilikuwa chini ya spika kubwa. Wamehamia upande wa Mtakatifu Yosefu, karibu na mlango wa pembeni. Akiondoka katikati ya mahubiri yangu, tafadhali mwacheni apite. Atarudi wakati wa Baba Yetu.