Wajakazi 12 wa Ithaca

Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer uitwao Odyssey, anarejea kisiwani Ithaca baada ya miaka 20 na kukuta wanaume 108 wamejazana nyumbani kwake, wakimposa mkewe Penelope na kula mali yake. Anawaua. Wasomaji wengi huukumbuka ushindi huo, lakini siku hiyohiyo walinyongwa wanawake 12, na hao wanastahili kukumbukwa.

Kisa kimo katika kitabu cha 22 cha utenzi huo. Yaya mzee Eurycleia anasema kati ya wajakazi 50 wa nyumba hiyo, 12 wamekosa haya, hawamheshimu yeye wala Penelope. Odysseus anaagiza kwanza wazitoe nje maiti na kusafisha damu kwenye meza na viti, ndipo wauawe kwa upanga. Mwanawe Telemachus anaona kifo cha upanga ni kizuri mno kwao. Anafunga kamba ya merikebu kwenye nguzo na kuwaning'iniza kwa safu. Homer anawafananisha na ndege walionasa mtegoni wakirudi kulala. Miguu yao inatapatapa kidogo, kisha inatulia.

Kwa muda mrefu tukio hilo lilisomwa kama malipo ya usaliti wa kulala na waposaji. Miaka ya 1970, wataalamu wa mambo ya kale wenye mtazamo wa kifeministi, akiwemo Sarah Pomeroy aliyechapisha kitabu chake mwaka 1975, walianza kuchunguza kwa kina maisha ya wanawake wa Ugiriki na Roma, watumwa wakiwemo. Ukiusoma utenzi kwa jicho hilo, swali linakuja lenyewe: mjakazi angewakataa vipi wanaume hao?

Odysseus mwenyewe analijibu. Mwanzoni mwa kitabu cha 22 anawashtaki waposaji kwamba walilala na wajakazi wake kwa nguvu. Anajua walilazimishwa, na bado anaamuru wauawe. Mjakazi alikuwa mali. Aliyehesabiwa kudhulumiwa ni mwenye mali.

Wapo watakaosema kwamba kitabu cha 20 kinawaonyesha wanawake hao wakitoka usiku kwenda kwa waposaji huku wakicheka. Ni kweli. Lakini ridhaa haipimwi kwa kicheko cha mtu asiye na haki ya kusema hapana. Odysseus naye aliishi mwaka mzima na mungu wa kike Circe na miaka saba na nimfu Calypso, wala hakuna aliyemtayarishia kamba.

Mwaka 2005 mwandishi wa Kanada Margaret Atwood aliwapa wajakazi hao sauti katika riwaya yake The Penelopiad. Kazi ya kuwapa sauti inaweza kuanzia darasani pia. Anayefundisha Odyssey auweke ushahidi wa Odysseus kando ya hukumu yake, kisha awaulize wanafunzi: iwapo mshtaki mwenyewe amekiri kwamba walibakwa, walinyongwa kwa kosa la nani?