Donge Limetoka Wapi?

Wajukuu, tuseme yuko mvuvi wa Liuli. Anavuta wavu wa usipa, mara mkono wa kulia unalegea, kamba inamponyoka. Anataka kuwaita wenzake. Mdomo umepinda, maneno hayatoki. Hajalogwa, msisikilize ya vijiweni. Huenda ni kiharusi: donge la damu iliyoganda limeziba mshipa wa ubongo. Mtu wa hivyo hukimbizwa hospitali saa ileile.

Donge lenyewe si lazima liwe limezaliwa huko kichwani. Pengine limesafiri na damu kutoka moyoni.

Moyo una vyumba vinne. Kile cha juu kushoto kina kifuko kidogo pembeni, kama kile kipembe cha ghuba pale Mbamba Bay ambapo maji yakituama, takataka hujikusanya. Moyo ukipiga sawasawa, damu haipati nafasi ya kulala humo. Chumba kikitetemeka ovyo badala ya kubana, damu hutulia, ikaganda. Wazee ndio hupatwa zaidi na hali hiyo, lakini kwetu hata vijana wamo, na chanzo chaweza kuwa koo! Mafindofindo ya bakteria yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi: kinga ya mwili inayopambana na wadudu hao huugeukia moyo, na vali zake, yaani milango ya damu, zikabaki zimekakamaa, hata chumba kile kikaanza kutetemeka. Kwa hiyo mama akikupeleka zahanati kwa sababu ya koo "tu", nenda bila kununa.

Sasa, moyo utauonaje bila kupasua kifua? Daktari Inge Edler wa Lund, Sweden, alisumbuliwa na swali hilo, maana alitaka kuzijua vali zilizobana kabla ya upasuaji. Mwaka 1953 mwenzake, mwanafizikia Hellmuth Hertz, akaazima mashine kwenye kiwanda cha meli huko Malmö. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma: hutuma sauti, kisha husikiliza mwangwi. Hertz akaielekeza kwenye kifua chake mwenyewe, na mwangwi ukarudi ukichezacheza pamoja na moyo. Hapo mimi hucheka kila nikisimulia. Chombo cha mafundi wa meli!

Sauti hiyo huwezi kuisikia. Masikio yetu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Hii ina mamilioni. Siku hizi kipimo hicho huitwa eko. Unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, kifaa kinapitishwa kati ya mbavu, na kwenye skrini unaona vali zikifunguka na kufunga. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, huifanya kazi hii. Ila kutoka Liuli hadi Dar es Salaam, kupitia Mbinga na Songea, ni safari kweli.

Tatizo ni kile kifuko. Kimejificha nyuma, na eko ya kifuani mara nyingi hukikosa. Ikisema hakuna donge, daktari makini haridhiki upesi. Anajua njia ya chakula hupita nyuma kabisa ya chumba kile, basi humezesha mgonjwa mrija mwembamba wenye kifaa nchani.

"Bibi, hatapiki?"

Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, naye huwa hajala kwa saa kadhaa. Donge likionekana, huanzishiwa dawa za kuzuia damu isigande. Mrija ukitoka bado haruhusiwi kula, maana koo lenye ganzi laweza kupeleka tonge mapafuni. Ugali na mbasa wa kuchoma vitamsubiri mpaka ganzi iishe.