Mwanamke na uwindaji: sheria haimkatazi, mtego uko jikoni



Mabinti wa hapa Moro huniuliza: hivi mwanamke anaruhusiwa kuwinda? Jibu fupi ni ndiyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haiangalii jinsia, inaangalia leseni. Ukiwinda bila leseni, uwe baba au mama, wewe ni jangili tu.

Sasa kuna wanaosema eti kuwinda si kazi ya mwanamke tangu enzi. Si kweli! Wambuti wa msitu wa Ituri, kule Kongo mashariki, wanaume hutega nyavu, wanawake wanapiga kelele vichakani kuwafukuza wanyama waingie humo. Bila akina mama hakuna mawindo. Na mwaka 2020 wataalamu walitangaza kuhusu mifupa ya binti iliyofukuliwa Peru, aliyezikwa miaka kama 9,000 iliyopita pamoja na zana zake za kuwindia.

Tatizo letu liko wapi basi? Kwanza pesa. Bunduki ni ghali, ina kibali chake cha polisi, na leseni ya kuwinda nayo inalipiwa. Pili mazoea. Sisi Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, hata shamba pia, lakini binti akisema anataka kujifunza kuwinda, watu watamcheka.

La tatu ndilo linaloniuma. Mwanamke hawindi, ila nyama ikifika nyumbani yeye ndiye anayeikausha, anayeipika na anayeiuza kwa kificho. Kisheria nyamapori ni nyara ya serikali, na kosa ni hata kukutwa nayo tu. Kesi yake ni uhujumu uchumi, kifungo kinaweza kufika miaka 20 hadi 30. Mwenye mtego keshakimbia, askari wanamkuta mama na sufuria yake. Jamani! Tena msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, hakuna kuwinda humo. Minde anayeishi huko hapatikani nchi nyingine yoyote duniani, ni Tanzania tu. Akiisha kwetu, kaisha.

Fursa je? Zipo, tena karibu. Tangu kanuni za mwaka 2020 zitoke, mtu anaweza kuomba leseni ya bucha la nyamapori. Akina mama wanaojua biashara ya nyama wanaweza kuungana kikundi wakaomba. Mamlaka inayohusika, TAWA, makao makuu yake yapo hapa hapa Morogoro. Anayependa shule, SUA wanafundisha usimamizi wa wanyamapori, na Chuo cha Mweka kule Moshi kipo tangu 1963. Ukitoka huko unaweza kuwa askari wa wanyamapori au kufanya kazi kwenye kampuni za uwindaji wa kitalii. Na vijiji vya Morogoro Vijijini vilivyo kwenye jumuiya ya hifadhi ya JUKUMU, akina mama wagombee uongozi, maana mapato ya wanyama yanajadiliwa pale.

Ushauri wangu kwa dada zangu: nyama isiyo na risiti usiipokee, hata kama kaileta mume. Ukiitaka kazi hii, ingia kwa mlango wa mbele, na leseni mkononi.

Mnasemaje wadau?