Gazeti Lililopanda Gari la Moshi Mpaka Dodoma

Reli ya Wadachi ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kando ya stesheni. Magazeti ya Kiswahili yaliyosomwa Ugogo yalitoka mbali. Zamani za Wadachi lilikuwako Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali ya Tanga, likakoma katika vita vya 1914–1918. Kisha, Januari 1923, serikali ya Kiingereza ilianza kutoa Mambo Leo huko Dar es Salaam, mara moja kila mwezi. Watu wa bara walilipelekea barua, khabari za miji yao na mashairi. Kadhalika Shaaban Robert aliliandikia.

Walakini magazeti yote mawili yaliandikwa kwa herufi za Kizungu. Wadachi wenyewe hapo mwanzo waliwaandikia maakida kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo zilizojulikana. Baadaye shule zao zikaziacha. Basi mzee aliyehitimu Kurani chuoni, mwandishi hodari wa barua na hati, akahesabiwa kuwa hajui kusoma! Ilimlazimu akae kitako barazani asomewe na kijana wa skuli. Mimi naona hiyo ni dhuluma, ijapokuwa haikumwaga damu.

Mombasa, mwaka 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa, gazeti la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wazee wa namna ile waliweza kujisomea wenyewe.